Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) na Amana ya Sadaka



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi wetu, kila mwaka katika jarida hili tunaeleza maisha ya mmoja katika wema waliotutangulia. Mwaka huu tumemchagua Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), Khalifa wa pili wa Waislamu. Maisha yake ni bahari, na kurasa hizi ni chache. Kwa hiyo tutayatazama kwa upande mmoja tu: namna alivyotoa mali yake, na namna alivyozilinda mali za sadaka zisiliwe na wasiostahiki. Sababu ya kuchagua upande huu wengi wenu mnaijua, lakini tutaiandika ili wadogo zenu watakaokuja waisome.

Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, alitujia mgeni mmoja aliyevaa kanzu safi, mkononi ana kitabu cha risiti chenye muhuri na picha za msikiti usioezekwa. Alisema msikiti huo uko kijiji cha mbali na mvua zinakaribia. Sisi walimu tulimkaribisha, tukamsimamisha mbele yenu na tukakuhimizeni mtoe. Mlitoa. Wengine mlitoa fedha za maandazi, wengine mlirudi nyumbani kuwaomba wazazi. Hatukumuuliza imamu wa kijiji hicho ni nani, wala hatukumpigia simu mtu yeyote. Baadaye mzazi mmoja alisafiri upande ule akaulizia. Hakuna msikiti unaojengwa, na hakuna anayemjua mtu yule. Kosa hilo ni letu sisi walimu, kabla halijawa la mtu mwingine.

Lililotuumiza zaidi likaja baada ya Idi. Nyumba ya mwenzenu mmoja iliungua usiku, yeye na ndugu zake wakabaki na nguo walizovaa. Tulipitisha kisanduku, kikarudi karibu kitupu. Mmoja wenu alitueleza wazi kwamba ameazimia kutotoa tena. Hatukuwa na la kumjibu siku ile. Wahenga wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi tapeli yule aliiba mara mbili: aliiba fedha zenu, kisha akaiba haki ya mwenzenu aliyekuwa muhitaji wa kweli. Makala hii ndiyo jibu tulilokuwa hatuna siku ile.

KUZALIWA NA KUSILIMU KWAKE

Sayyidna Umar alizaliwa Makka, yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Tembo. Baba yake ni Al-Khattab bin Nufayl wa ukoo wa Bani Adi katika Makureshi, na mama yake ni Hantama bint Hashim wa Bani Makhzum. Utotoni alichunga ngamia wa baba yake, na baba huyo alikuwa mkali, akimchosha kwa kazi. Alipokuwa mkubwa alifanya biashara. Alikuwa miongoni mwa Makureshi wachache waliojua kusoma na kuandika, na ukoo wake ndio uliokuwa ukitumwa kusema kwa niaba ya Makureshi panapotokea mzozo. Tuyashike haya mambo mawili, uchungaji na uandishi, kwani yatarudi mbele.

Mwanzoni aliupinga Uislamu kwa nguvu zake zote. Alisilimu mwaka wa 6 wa Utume. Kisa chake mnakijua: alitoka na upanga kumkusudia Mtume (S.A.W.), akaambiwa njiani aanze na nyumba ya dada yake Fatima na mumewe Said bin Zayd. Alipowakuta wakisomeshwa Qur'ani na Khabbab bin Al-Aratt alimpiga dada yake hadi damu ikatoka. Kisha akaona haya, akaomba asome kile walichokuwa wakisoma, nacho kilikuwa Sura Taha. Moyo wake ukalainika, akaenda nyumba ya Al-Arqam kusilimu. Tangu siku hiyo hakufanya jambo nusu nusu, na kutoa kwake kulikuwa hivyo hivyo.

FARASI ALIYETUPWA

Baada ya kuhamia Madina, Sayyidna Umar alimtoa farasi mmoja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, akampa mtu wa kumpanda katika jihadi. Bukhari na Muslim wamekipokea kisa hiki. Mtu yule hakumtunza farasi, akamwacha adhoofike. Sayyidna Umar alipoona hivyo aliingiwa na uchungu, akataka kumnunua, akidhani atauziwa kwa bei rahisi. Akaenda kwanza kumuuliza Mtume (S.A.W.). Mtume akamkataza asimnunue hata kama atauziwa kwa dirhamu moja, na akamfananisha mwenye kuirudia sadaka yake na mbwa anayeyarudia matapishi yake.

Tazameni, enyi wanafunzi. Huyu ni Umar, mtu mwenye akili na macho makali, na sadaka yake iliangukia mkono usioijali. Hakuambiwa kwamba amepoteza ujira. Hakuambiwa aache kutoa. Aliambiwa tu asigeuke nyuma. Kilichotoka kimekwenda kwa Mwenyezi Mungu, na hesabu ya aliyekiharibu iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini tutaona kwamba alipotoa tena, alitoa kwa mpango mwingine.

SHAMBA LA KHAYBAR

Mwaka wa 7 Hijria Waislamu waliifungua Khaybar, na Sayyidna Umar akapata ardhi huko. Ilikuwa mali nzuri kuliko mali yoyote aliyopata kuimiliki. Mtu mwingine angeiuza na kugawa fedha, zikaisha siku moja. Yeye alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Akaelekezwa kwamba akipenda aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Akafanya hivyo. Aliweka sharti kwamba ardhi hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Akawataja watakaofaidika nayo: mafakiri, jamaa, watumwa wanaotafuta uhuru, njia ya Mwenyezi Mungu, wasafiri walioharibikiwa na wageni. Kisha akamtazama na msimamizi. Msimamizi ana ruhusa ya kula kwa wema na kumlisha rafiki, lakini si kujilimbikizia utajiri humo.

Hakuishia hapo. Katika zama za ukhalifa wake wakfu huu uliandikwa. Mwandishi alikuwa Muayqib, na shahidi alikuwa Abdullah bin Al-Arqam. Usimamizi aliukabidhi kwa binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (R.A.), maisha yake yote, na baada yake kwa wenye busara katika watu wake.

Hebu tuhesabu. Mali inajulikana iko wapi. Wanaopewa wanajulikana. Msimamizi anajulikana, na mpaka wa kula kwake umewekwa. Kuna maandishi, mwandishi na shahidi. Kwa hayo sadaka moja iliendelea kutoa matunda baada ya mwenyewe kuzikwa. Huku kwetu pwani pia wazee wetu waliweka wakfu mashamba, nyumba na visima, na Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mambo hayo. Palipo na maandishi, wakfu hulindika. Palipobaki maneno ya mdomo tu, wajukuu hugombana. Ndiyo maana ikasemwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka wa 9 Hijria, katika maandalizi ya vita vya Tabuk, Mtume (S.A.W.) aliwahimiza Masahaba watoe. Sayyidna Umar alileta nusu ya mali yake, akitumai siku hiyo atamtangulia Sayyidna Abubakar (R.A.). Sayyidna Abubakar akaleta mali yake yote. Umar akakiri kuwa hatamshinda kamwe. Tunakitaja kisa hiki ili msidhani kuwa mtu anayeulizia mali inakwenda wapi ni bakhili. Mwenye kuulizia sana ndiye huyo huyo aliyetoa nusu ya mali yake.

KHALIFA NA DAFTARI

Sayyidna Abubakar alifariki mwaka wa 13 Hijria, sawa na mwaka 634 Miladia, na Sayyidna Umar akashika ukhalifa. Iraq, Sham na Misri ziliingia katika dola ya Kiislamu, na mali zikamiminika Madina kwa namna ambayo Waarabu hawajawahi kuiona.

Siku moja Abu Hurayra (R.A.) alifika kutoka Bahrain akasema amekuja na dirhamu 500,000. Sayyidna Umar hakuamini. Alimuuliza kama anajua anachokisema, akamrudishia swali. Alipoona jibu ni lile lile, akamwambia ana usingizi, aende akalale na arudi asubuhi. Asubuhi Abu Hurayra akarudi na hesabu ile ile, na Khalifa akataka kujua kama mali yenyewe ni safi. Ndipo alipowakusanya watu kutaka shauri. Likatolewa wazo la kuweka daftari, ambalo Waarabu waliliita diwani, kama walivyofanya wafalme wa Uajemi. Kazi wakapewa watu watatu waliokuwa wajuzi wa nasaba za Makureshi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Waandishi walipotaka kuliweka jina la Khalifa na ukoo wake mbele, alikataa, akaamuru waanze na jamaa wa karibu wa Mtume (S.A.W.), na Bani Adi wawekwe pale nasaba inapowafikisha.

Na yule mchunga ngamia wa zamani hakusahau kazi yake. Imepokewa kwamba siku ya jua kali Sayyidna Uthman (R.A.) alimwona kwa mbali mtu akiswaga ngamia wawili, akashangaa nani huyo anayetembea katika joto kama lile. Alipokaribia, alikuwa Khalifa mwenyewe. Ngamia wawili wa sadaka walibaki nyuma, akaogopa wasipotee akaja kuulizwa juu yao kwa Mola wake. Siku nyingine alisimama juani akitaja rangi na meno ya kila ngamia wa sadaka, na mwandishi akiandika kivulini.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar alipewa maziwa akanywa, yakampendeza. Akauliza yametoka wapi. Akaambiwa kuwa mtu mmoja alipita penye maji akawakuta ngamia wa sadaka wakinyweshwa, naye akakamuliwa maziwa yale. Hapo hapo Khalifa akatia kidole kooni akayatapika. Yalikuwa funda chache za maziwa, na hakuna ambaye angejua. Sasa mfikirieni mtu anayebeba kisanduku cha yatima huku amejikatia nauli na chakula kwa kipimo anachokijua mwenyewe.

Kwa magavana wake pia alikuwa hivyo. Alipomteua mtu aliiandika mali aliyonayo, ili atakapomaliza kazi ijulikane imeongezeka kwa njia gani. Yakija malalamiko alimtuma Muhammad bin Maslama (R.A.) kwenda kuulizia mahali penyewe, mbele za watu. Chanzo cha haya walikisikia Madina Mtume (S.A.W.) akiwa hai. Mkusanya zaka mmoja alirudi na mali akaigawa mafungu mawili, akidai fungu moja amepewa yeye zawadi. Mtume akapanda mimbari akahoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfikia au la.

OMBAOMBA WAWILI NA MAMA MMOJA

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Tutaeleza visa vitatu, kimoja kimoja.

Cha kwanza kimetajwa na Imam Ghazali. Sayyidna Umar alimsikia mtu akiomba baada ya Magharibi, akamwagiza mmoja wa watu amlishe chakula cha usiku. Akalishwa. Muda si mrefu akamsikia tena akiomba. Akauliza kama hakulishwa, akaambiwa amelishwa. Akamtazama, akaona kwapani mwake mkoba umejaa mikate. Akamwambia kwamba yeye si mwombaji, ni mfanyabiashara. Akauchukua mkoba akaumwaga mbele ya ngamia wa sadaka, na akamwadhibu. Angalieni mpangilio wake: alimlisha kwanza, kisha alipoona dalili ya pili akachunguza. Na mikate ile hakuirudisha kwake wala kwa mtu mmoja aliyeitoa. Aliirudisha katika mali ya sadaka, kwa sababu ndiko ilikotoka.

Cha pili kimepokewa na Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa. Sayyidna Umar alipita mlangoni kwa watu, akamkuta mzee kipofu anaomba. Akamgusa mkono akamuuliza ni wa dini gani. Akajibu kuwa ni Myahudi. Akamuuliza kilichomfikisha pale. Mzee akataja jizia, haja na uzee. Khalifa akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho. Kisha akamwita mtunza Baitulmali, akamwamuru amwangalie mzee huyo na walio mfano wake, na akawaondolea jizia. Aliona si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni.

Ombaomba wote wawili waliulizwa. Mmoja kuulizwa kulimfichua, mwingine kulimnusuru. Laiti Sayyidna Umar angewafukuza wote kwa sababu ya yule wa mkoba, mzee kipofu angekufa mlangoni. Na laiti angewapa wote bila kutazama, mikate ya mzee ingebaki kwapani kwa mwingine. Kuuliza si kudhani mtu vibaya, ndugu zetu. Mwenye haja ya kweli hana cha kuogopa katika swali la adabu.

Cha tatu ni cha yule mama. Usiku mmoja Sayyidna Umar alitoka nje ya Madina pamoja na Aslam, mtumishi wake. Wakauona moto kwa mbali. Walipofika walimkuta mama mmoja na watoto wanaolia njaa, na sufuria imetelekwa jikoni ina maji matupu, ili watoto wadhani chakula kinaiva mpaka walale. Mama hakujua anazungumza na nani, akamlalamikia Mwenyezi Mungu juu ya Umar aliyetawala mambo yao akawasahau. Khalifa akarudi mbio mpaka ghala la unga. Aslam alitaka kumbebea gunia. Alimkatalia, kwani siku ya Kiama Aslam hatambebea mzigo wake. Akabeba unga na mafuta, akapuliza moto mwenyewe mpaka moshi ukapita katikati ya ndevu zake, akapika, akawapakulia. Hakuondoka mpaka alipowaona watoto wakicheka na kulala.

Mama huyu hakuwa na risiti wala picha. Hakuja msikitini kusimama baada ya sala. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu ametutajia mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Watu hawa huwapati kwa kukaa ukisubiri ujiwe. Sharti utembee mtaani.

MWAKA WA UKAME

Mwaka wa 18 Hijria Hijazi ilipatwa na ukame mkubwa, upepo ukipeperusha vumbi mithili ya majivu, hata mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Majivu. Watu wa majangwani walikimbilia Madina kwa maelfu. Abu Ubayda bin Al-Jarrah (R.A.) alileta kutoka Sham ngamia 4,000 waliobeba chakula, na Khalifa akamkabidhi yeye mwenyewe kazi ya kukigawa kwa waliopiga kambi kandokando ya Madina.

Jambo la kuzingatia ni kuwa hata katika dhiki ile Sayyidna Umar aliamrisha watu wahesabiwe. Ibn Saad amepokea kwamba usiku mmoja walihesabiwa waliokula katika sahani zake wakawa 7,000, na wagonjwa, watoto na wengine waliopelekewa chakula walipo wakawa 40,000. Baada ya siku chache wakahesabiwa tena, idadi ikawa imepanda. Yeye mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka watu wapate nafuu, akila mafuta ya zeituni hata rangi yake ikabadilika. Mwaka huo hakuwatuma wakusanyaji zaka. Mvua iliponyesha aliwatuma mwaka uliofuata wachukue zaka ya miaka miwili, ya mwaka mmoja waigawe kwa mafakiri wa pale pale na ya mwaka mwingine wailete kwake.

Si kila mara alichunguza kwa hofu. Mara nyingine alichunguza kwa furaha. Imepokewa kwamba alitia dinari 400 katika mfuko, akamtuma mtumishi ampelekee Abu Ubayda, na akamwagiza akawie kidogo pale nyumbani aone atazifanyia nini. Abu Ubayda akamwita kijakazi wake, akaanza kuzigawa, saba kwa fulani, tano kwa fulani, mpaka zikaisha. Mtumishi akarudi na habari, akakuta mfuko mwingine kama ule umetayarishwa kwa Muadh bin Jabal (R.A.). Muadh naye akagawa, mpaka mkewe akachungulia na kusema kuwa wao pia ni maskini. Zilikuwa zimebaki dinari mbili, akamrushia. Sayyidna Umar alifurahi sana aliposikia. Hawa walikuwa rafiki zake na Masahaba wakubwa, na hata hivyo alimwambia mtumishi asubiri aone.

KUFARIKI KWAKE

Mwishoni mwa Dhulhija mwaka wa 23 Hijria, sawa na mwaka 644 Miladia, Sayyidna Umar alichomwa jambia na Abu Lu'lu'a alipokuwa akisalisha Alfajiri. Alipojua kuwa hataishi, alimwita mwanawe Abdullah (R.A.) akamtaka ahesabu deni lake. Likapatikana yapata 86,000. Akausia lilipwe kutoka katika mali ya familia yake, isipotosha waombwe Bani Adi, isipotosha waombwe Makureshi, na wasivuke hapo.

Kisha akamtuma Abdullah kwa Bibi Aisha (R.A.) amwombee idhini azikwe kando ya wenzake wawili, na akamkataza asimtaje kwa cheo cha Amiri wa Waumini, kwa kuwa siku hiyo hakuwa amiri tena. Bibi Aisha akakubali, ingawa mahali pale alipataka mwenyewe. Hata hivyo Sayyidna Umar akausia kwamba akishakufa, jeneza lisimamishwe mlangoni na idhini iombwe tena, na akikataa azikwe makaburini pamoja na Waislamu wengine. Aliogopa asije akawa amepewa kwa heshima ya cheo chake. Akakubaliwa mara ya pili, akazikwa hapo. Mtu aliyehakikisha sadaka za wengine maisha yake yote, kitu cha mwisho alichopewa yeye alikihakikisha pia.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kutokana na maisha haya, sisi walimu na nyinyi wanafunzi tujifunze yafuatayo:

1. Aliyetoa kwa nia safi akadanganywa hakupoteza ujira. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia kwa mwizi, kwa mzinifu na kwa tajiri bila ya yeye kujua, na akabashiriwa kheri. Basi mliotoa siku ile msijute.

2. Tuulize kabla ya kutoa mali ya wengi. Anatoka wapi? Imamu wa huko ni nani? Ni nani hapa mjini anamjua? Fedha zitakabidhiwa kwa nani? Tusitumie namba ya simu aliyotupa yeye. Tutafute wenyewe mtu wa huko tunayemwamini. Risiti na muhuri huchapishwa na yeyote mwenye fedha ya kuchapisha.

3. Ujumbe wa simu unaosema mtoto yuko hospitali na fedha zitumwe saa hii hii kwa namba fulani tuupokee kwa utulivu. Haraka ndiyo silaha ya tapeli. Kama mgonjwa yupo, tumtembelee au tumtume aliye karibu naye, na tulipe hospitali penyewe. Kama msiba ni wa kweli, nusu saa ya kuulizia haitauongeza. Na tusiusambaze ujumbe tusiouhakikisha, maana jina letu ndilo litakalowafanya wengine waamini.

4. Inapowezekana, kisogezwe kitu badala ya fedha: unga kwa wenye njaa, mabati kwa wanaoezeka, daftari kwa mwanafunzi.

5. Tuanze na walio karibu. Jamaa na jirani tunawajua hali zao bila ya risiti, na kumpa jamaa muhitaji ni sadaka na ni kuunga udugu. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba, na haitoki nje ya hayo.

6. Tusimdhalilishe mwombaji. Tukiwa na shaka, tumpe kidogo cha kumtosha kula na tuulizie kwa siri. Tusimwite mtu mwongo bila ya kuuona mkoba kwapani.

7. Anayekabidhiwa sadaka awe na daftari, na aone raha kukaguliwa. Anayekasirika kuulizwa amejijibu mwenyewe.

Katika hili la mwisho, sisi walimu tumeanza na nafsi zetu. Tangu mwanzo wa mwaka huu kisanduku cha madrasa kina kufuli, na ufunguo hauko kwa mwalimu peke yake. Kila Alhamisi baada ya Alasiri mwalimu mmoja na wanafunzi wawili hukifungua, huhesabu mbele yenu, huandika na kutia saini. Kila kinachotoka husomwa kimetoka kwa ajili gani, isipokuwa jina la anayesaidiwa, ambalo hulisitiri. Anayekuja kuomba kwa ajili ya mahali pengine hupewa maji na heshima, kisha huombwa asubiri wiki moja tuulizie. Tangu tuweke utaratibu huo wamekuja watatu. Mmoja alisubiri, tukathibitisha habari yake, tukampa. Wawili hawakurudi.

Mwenzenu aliyeunguliwa amejengewa chumba kimoja, na kingine bado hakijaezekwa. Mabati yanayohitajika tumeyahesabu, bei tumeiulizia dukani, na karatasi yake imebandikwa mlangoni mwa darasa la tatu. Nendeni mkaisome, muulize mnachotaka kuuliza, kisha mtoe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakabali sadaka zetu, atusamehe tulipozembea, aipanue mikono yetu na ayafumbue macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.